Pareto: Kemikali Inayochumwa kwa Mikono

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu kemikali hutoka wapi, hatakawia kukujibu: maabarani. Atakutajia chupa za asidi zilizofungiwa kabatini na ile harufu ya amonia inayotufanya tukimbilie madirishani. Akiwa mjuaji zaidi, atakwambia kwamba hutoka katika mafuta ya petroli yanayochimbwa nchi za mbali na kupikwa katika viwanda vikubwa. Hajakosea. Sehemu kubwa ya kemikali zinazotengenezwa duniani, kuanzia plastiki hadi rangi za nyumba, asili yake ni petroli na gesi.

Hata hivyo, iko kemikali ambayo wazazi wetu wengi hapa Molo waliibeba migongoni ndani ya vikapu, wakaianika juani, wakaipima kwa mizani, na kwa pesa zake wakasomesha watoto. Kemikali hiyo imo ndani ya ua la pareto.

Katika makala haya nakusudia kueleza pareto ni kemikali ya namna gani, kwa nini dunia inaitaka, na kwa nini nchi iliyokuwa imeshika usukani wa biashara hii ilijikuta imeketi nyuma kabisa ya gari. Jambo hili si la historia tu. Wakati ninapoandika, nyumbani kwetu kuna mabishano makali kuhusu robo ekari ya viazi, kama ipandwe pareto au ibaki vivyo hivyo. Karo yangu ya mwaka ujao inatazamiwa kutoka katika robo ekari hiyo, kwa hiyo mnisamehe nikilichukulia suala hili kwa uzito.

UA LENYEWE

Pareto ni mmea wa jamii moja na alizeti. Haurefuki sana; hufika magotini au kupita kidogo. Ua lake lina petali nyeupe pembeni na kitovu cha manjano katikati. Mgeni akiliona hudhani ni ua la kupamba meza. Mdudu hadhanii hivyo hata kidogo.

Ndani ya ua hilo mna kemikali sita za ukoo mmoja, nazo kwa pamoja huitwa pirethrini. Kila moja ni esta, yaani imeundwa kwa asidi na alkoholi zilizoungana. Watu wengi hufikiri kwamba dawa imo katika zile petali nyeupe. La hasha! Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi imo katika vijimbegu vilivyojificha ndani ya kitovu cha manjano. Ndiyo maana mchumaji hodari hachumi ua changa. Husubiri mpaka safu kadhaa za vijiua vidogo vya katikati ziwe zimefunguka. Akiwahi, hupata uzito bila dawa. Akichelewa, ua huzeeka na dawa hupungua.

Mdudu akiguswa na pirethrini, neva zake hushindwa kutulia. Katika neva kuna milango midogo ya kupitishia chembe za sodiamu. Kwa kawaida milango hiyo hufunguka na kufungika haraka kuliko kupepesa jicho. Pirethrini huizuia kufungika. Neva zikawa zinapiga ujumbe bila kukoma, mdudu akatetemeka, akaanguka chali, miguu juu. Sisi binadamu miili yetu huivunja kemikali hiyo upesi, kwa hiyo kiasi kinachomwua mbu hakitudhuru. Lakini tusidanganyike kwamba kila kitokacho katika mmea ni salama kwa viumbe vyote. Pirethrini huua samaki, na huua nyuki pia. Mkulima mwenye busara hainyunyizi karibu na mto, wala hainyunyizi mchana nyuki wakiwa kazini.

Kuna tabia nyingine ya pirethrini ambayo ndiyo chanzo cha mema yake na matatizo yake: haipendi jua. Ikiachwa kwenye mwanga wa jua huanza kuvunjika katika muda wa saa chache. Kwa mpanda mboga hii ni neema, kwa sababu sukumawiki iliyonyunyiziwa haikai na sumu kwa siku nyingi. Kwa anayetaka dawa idumu shambani wiki nzima, ni hasara.

KUTOKA DALMATIA HADI MOLO

Pareto si mmea wa kwetu kwa asili. Kwao ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Katika karne ya 19 unga wa maua yake uliuzwa Ulaya na Marekani kama dawa ya kunguni na viroboto. Kutoka huko mbegu zilifika Japani. Mwaka wa 1890 Mjapani mmoja, Ueyama Eiichiro, alitengeneza vijiti vya kuchoma kama udi ili kufukuza mbu. Vijiti vile viliisha upesi mno. Inasemekana mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa shauri kwamba viviringwe kama nyoka aliyelala, ili viwake usiku kucha. Mwaka wa 1902 dawa hiyo ya kuviringwa ilianza kuuzwa. Ile unayoichoma chini ya kitanda chako leo ni mjukuu wake.

Kenya ililetewa pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa ukoloni, ikapandwa karibu na Nakuru. Ilikubali mara moja. Siri ni baridi. Pareto huhitaji usiku wa baridi ili itoe matumba, na nyanda zetu za juu, kuanzia mita 1,800 hivi, zina baridi ya kutosha na kusaza. Atokaye Mombasa akilala Molo usiku mmoja wa Julai ataelewa nasema nini. Zaidi ya hayo, katika nchi zenye majira ya theluji pareto hutoa maua mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu huchumwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi mingi ya mwaka.

Vita Kuu vya Pili vilipofika Bahari ya Pasifiki mwaka wa 1941, majeshi ya Uingereza na Marekani hayangeweza tena kununua pareto kutoka Japani. Askari walikuwa wakifa kwa malaria, na Kenya ndiyo iliyokuwa na maua. Hivyo ndivyo tulivyoshika usukani. Baada ya Uhuru zao hili liliingia katika mashamba madogo ya Nakuru, Nyandarua, Kisii, Elgeyo, Pokot na kwingineko. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia ilitoka Kenya. Zaidi ya nusu, wenzangu! Chai yetu tunayojivunia haijawahi kufika hapo.

KEMIKALI INAVYOTOLEWA

Sasa tuingie kiwandani. Maua yaliyochumwa huanikwa mpaka yakauke vizuri. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Yakichelewa kuanikwa huchemka ndani ya gunia na kuoza. Yakikaushwa kwa moto mkali dawa hupotea.

Maua makavu husagwa yakawa unga. Unga huo hauoshwi kwa maji, kwa sababu pirethrini haiyeyuki majini. Huoshwa kwa heksani. Wanakidato cha tatu wenzangu, hii ndiyo ile alkani yenye kaboni sita tuliyoichora ubaoni tukauliza, "Mwalimu, hii itatusaidia na nini maishani?" Basi jibu ndilo hili. Heksani huichukua pirethrini kutoka katika unga. Kisha hupashwa moto, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 69 tu, hugeuka mvuke na kuondoka, ikakusanywa itumike tena. Kinachobaki ni utomvu mzito wenye rangi ya kahawia, ambao husafishwa na kupimwa nguvu yake kabla ya kuuzwa. Makapi nayo hayatupwi. Hulishwa ng'ombe au kutumiwa katika dawa ya mbu ya kuchoma. Utaona, msomaji, kwamba heksani yenyewe hutoka katika petroli. Mimea na petroli si maadui kama watu wanavyodhani. Aghalabu hufanya kazi katika pipa moja.

Tufanye hesabu kidogo. Mkulima wa kwanza amepeleka kilo 100 za maua makavu yenye pirethrini asilimia 1.2. Ndani yake mna kilo 1.2 za dawa. Wa pili amepeleka kilo 100 vilevile, lakini maua yake yalichumwa kwa wakati na kuanikwa vizuri, yana asilimia 1.8. Huyu ana kilo 1.8. Magunia ni sawa, uzito ni sawa, lakini wa pili ameleta dawa mara moja na nusu ya mwenzake. Ukiwalipa sawa kwa uzito, umemdhulumu wa pili na kumfundisha uvivu. Ukitaka kuwalipa kwa haki, lazima kuwe na maabara. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

WASHINDANI WATOKAO MAABARANI

Wanakemia hawakulala. Mwaka wa 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, waliofanya kazi Uswisi, walichapisha uchunguzi wao kuhusu jinsi pirethrini ilivyoundwa. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine. Ukishajua jinsi nyumba ilivyojengwa, waweza kujenga inayofanana nayo. Mwaka wa 1949 ilitolewa ya kwanza ya bandia. Mwaka wa 1973 Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted nchini Uingereza, walitangaza pemethrini, ambayo ina nguvu na haivunjwi upesi na jua. Dawa za ukoo huo ndizo zilizotiwa katika vyandarua vingi tunavyolalia.

Je, basi ua la pareto lilikwisha kazi? Hapana. Watu walishaona hatari ya sumu zinazodumu. DDT, iliyosifiwa sana baada ya vita, ilipigwa marufuku Marekani mwaka wa 1972 kwa sababu ilikuwa ikikaa katika udongo na miili ya wanyama kwa miaka. Kilimo kisichotumia kemikali za kiwandani kimepanuka Ulaya na Marekani, na wakulima wake huruhusiwa kutumia pirethrini ya asili pale ambapo dawa nyingi nyingine zimekatazwa. Maghala ya vyakula, jikoni za mahoteli na watu wenye mifugo ya nyumbani huitaka kwa sababu haikawii kuvunjika. Nasi wenyewe tunaihitaji. Maharagwe mabichi na mboga tunazouza Ulaya hupimwa mabaki ya dawa, na shehena ikizidisha kipimo hukataliwa.

Kwa hiyo wateja wapo. Mimi sikubaliani na wale wasemao ati pareto iliuawa na dawa za bandia. Dawa za bandia ziliipunguzia eneo, lakini hazikuiua. Kilichotuangusha sisi ni jambo jingine.

SOKO LILIVYOTUPONYOKA

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini katika biashara ya kemikali methali hii haitoshi. Pareto yetu ilikuwa njema na bado haikujiuza.

Sikiza ilivyokuwa. Kwa miaka mingi mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu kisheria. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 na baada ya hapo, malipo yalianza kuchelewa. Miezi ikawa miaka. Mkulima asiyelipwa hana hasira ya kupigana; ana jembe. Aling'oa pareto akapanda viazi, kabeji au nyasi za ng'ombe. Katika miaka mingi ya muongo wa 2010 nchi nzima haikufikisha hata tani 1,000 za maua makavu kwa mwaka.

Wakati huohuo kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kilikuwa kimejipanga. Huko pareto huvunwa kwa mashine mara moja kwa mwaka. Hawana baridi yetu ya mwaka mzima wala mikono yetu mingi. Walikuwa na aina za mbegu zilizochunguzwa, na mikataba iliyotimizwa. Leo wao ndio wanaoongoza duniani. Majirani zetu nao hawakukaa bure: Tanzania inalima katika nyanda za juu kusini, na Rwanda karibu na milima ya volkano huko Musanze.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Mteja wa kemikali si kama mteja wa soko la Jumamosi. Mama akikosa nyanya kwako leo, atanunua kwa jirani, na wiki ijayo atarudi kwako bila kinyongo. Kiwanda cha dawa ya wadudu hakifanyi hivyo. Kila dawa husajiliwa na serikali ya nchi itakapouzwa, na usajili hutaja kilichomo ndani na kwa kiasi gani. Kubadilisha mchanganyiko ni kupima upya, kuandikisha upya na kusubiri upya. Kwa hiyo kiwanda kikikosa pareto msimu huu, msimu ujao pia, hatimaye kitabadilisha mchanganyiko wake na kutia dawa ya bandia. Kikishabadilisha, hakirudi hata ukishusha bei. Soko la namna hii hupotea kwa misimu miwili na hurudi kwa miaka kumi. Tulichouza, kumbe, halikuwa ua tu. Tulikuwa tukiuza ahadi kwamba ua litafika. Na ahadi ni deni.

MASWALI YA NYANYA YANGU

Mwaka wa 2013 ilipitishwa Sheria ya Pareto iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi kununua na kusindika. Siku hizi wanunuzi wanazunguka vijijini wakitafuta wakulima, na serikali za kaunti zimegawa miche. Baba yangu amevutiwa. Amechoshwa na viazi, kwa sababu bei huanguka wakati ule ule wa kuvuna, na madalali wangali wanadai gunia la lumbesi lililoshonewa kofia juu.

Nyanya yangu, ambaye shamba ni lake, hataki kusikia. Yeye ni mmoja wa wale waliong'oa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hakukataa kwa hasira. Alimwambia baba, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na ua. Lile ua lilikusomesha. Nijibu maswali yangu, kisha uchukue jembe." Maswali yenyewe nimeyaandika, maana naona yanafaa kuulizwa na kila mtu anayealikwa kulima kitu cha kiwandani.

La kwanza: nani ananunua, na yeye asipokuja, nitamwuzia nani mwingine? Pareto hailiwi. Viazi visiponunuliwa tutavichemsha. Maua yasiponunuliwa tutayatazama. Penye mnunuzi mmoja mkulima hana sauti. Penye wawili au watatu, ana sauti kidogo. Heri ajiunge na wenzake katika chama cha ushirika, ili wanunuzi wakutane na kijiji, si na mtu mmoja mmoja.

La pili: pesa zitafika lini? Si bei gani, bali lini. Bei nzuri ya baada ya miaka miwili ni mbaya kuliko bei ndogo ya wiki hii. Siku hizi malipo yaweza kuingia kwenye simu siku ileile ya kupimwa, kwa hiyo kisingizio cha umbali kimekwisha.

La tatu: nani anapima? Uzito tunaweza kuuona kwenye mizani. Asilimia ya pirethrini hatuioni. Akisema ni 1.2, tutajuaje kwamba si 1.8? Hapa ndipo hesabu yetu ya pale juu inapouma. Njia mojawapo ni kugawa sampuli mara mbili mbele ya mkulima. Sehemu moja ichukuliwe na mnunuzi, ya pili ibaki imefungwa katika chama, ipelekwe maabara nyingine kukitokea ubishi.

La nne: miche ni ya nani? Mingine hutolewa bure, mingine hukatwa kwenye malipo polepole. Mkulima ajue mapema. Tena ajue ni ya aina gani, kwa sababu mche dhaifu hutoa ua lisilo na dawa hata ukiutunza kama mtoto.

La tano: nitakula nini nikingojea? Tangu kupanda hadi kuchuma mara ya kwanza hupita miezi minne hivi. Baada ya hapo mmea huweza kuchumwa kwa miaka mitatu au zaidi. Lakini miezi minne ya kwanza haina huruma na mwenye njaa.

Baba ameyajibu mawili kikamilifu. Matatu bado anayatafutia majibu. Maoni yangu, ingawa mimi ni mtoto, ni kwamba sehemu tu ya robo ekari ipandwe kwanza, viazi vibaki kwingine, na msimu mmoja wa malipo ndio uamue.

SI PARETO PEKEE

Nisije nikaonekana ninaijua pareto tu, nitaje kemikali nyingine zitokazo katika mimea. Gamba la mti wa muwati, ambao wengi tunauchomea makaa, hutoa tanini ya kugeuza ngozi kuwa ngozi laini ya viatu na mikoba. Viwanda vingi vya ngozi hutumia chumvi za kromiamu, ambazo zisiposafishwa huharibu mito. Molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari, hutoa spiriti. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, kila mtu alijua thamani ya spiriti alipotafuta dawa ya kutakasa mikono. Mafuta ya mbono hutumiwa kutengenezea aina ya nailoni inayotiwa katika mabomba ya magari.

Pakanga nayo ina funzo lake. Mmea huu hutoa artemisinini, dawa ya malaria iliyomletea Tu Youyou wa Uchina Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Mwaka wa 2004 na 2005 dawa hiyo ilipungua, bei ikapaa. Wakulima wa Asia na Afrika Mashariki wakapanda kwa wingi. Kufikia mwaka wa 2007 mzigo ulizidi na bei ikaanguka vibaya. Hapo mmea ulikuwa mwema na ugonjwa ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wakulima kiasi gani kinahitajika.

TUFANYE NINI SISI

Wengi wetu tukisikia neno "soko" tunawazia mzee mwenye gunia na dalali mwenye kalamu. Kumbe kati ya ua na dawa kuna kazi nyingi ambazo zinatungoja. Anahitajika mtu wa kuzalisha miche yenye dawa nyingi. Anahitajika wa kutengeneza vikaushio visivyochoma pirethrini. Anahitajika wa maabara anayepima bila kuonea. Anahitajika wa kuchanganya dawa ya vidukari na kuitia katika chupa hapa hapa, ili tusiuze utomvu kwa bei ya utomvu na kuununua tena ukiwa na jina la kigeni. Wote hao ni watu wa Kemia, Biolojia na Kilimo. Wenzangu mnaotaka kuliacha somo la Kemia mwaka ujao kwa sababu ya moli na milinganyo, fikirini mara ya pili.

Kuna kazi moja zaidi, na hii inaihusu Chama chetu cha Kiswahili. Mikataba mingi ya biashara nchini mwetu huandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyemaliza darasa la nne hutia kidole gumba penye maneno asiyoyasoma, kisha siku ya ubishi anaambiwa, "Ulikubali mwenyewe." Napendekeza kwamba yeyote mzazi wake au jirani yake anapopewa mkataba wa mazao, aulete siku ya mkutano wetu wa Ijumaa. Tuufasiri kwa Kiswahili chepesi, mstari kwa mstari: nani analipa, lini, nani anapima, na asipolipa itakuwaje. Walimu wetu wa Kiswahili na wa Biashara watusahihishe. Gharama yake ni karatasi na saa moja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baridi ya Molo haijahama, udongo haujahama, na mbu hajatangaza amani. Kinachotakiwa ni kwamba aliyeahidi kununua anunue, aliyeahidi kulipa alipe, na aliyechuma asome kwa lugha yake kile alichoahidiwa.